Fulana wamepewa, kalamu bado

Tarehe 18 Mei 2025 makumbusho duniani kote yaliadhimisha siku yao ya kimataifa, na safari hii moja ya mada tatu zilizotangazwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, ilikuwa nguvu ya vijana. Novemba ya mwaka huo huo ICOM ikafanya mkutano wake mkuu Dubai, kaulimbiu ikiwa ile ile ya siku hiyo: mustakabali wa makumbusho katika jamii zinazobadilika kwa kasi. Kwa makumbusho ya sanaa hilo halikuwa jambo geni. Mabaraza ya vijana yalikuwa yameshaanza kuchipuka huku na huko, kila kikundi na jina lake, fulana zake na ukurasa wake wa Instagram. Wengi, hata wapenzi wa sanaa, wanalitazama jambo hili kama habari ya biashara: watazamaji wanazeeka, tiketi lazima ziuzwe, basi vijana wavutwe kwa muziki wa usiku na kona za kupigia selfi. Nadhani wanaolisoma hivyo wamekosea, na makumbusho yanayoliendesha hivyo yamekosea zaidi. Kijana ana kazi nzito ya kufanya ndani ya makumbusho ya sanaa, nayo ni kusaidia kuondoa vizuizi ambavyo waliovijenga wamevizoea hadi hawavioni tena. Kazi hiyo haifanyiki bila mamlaka. Kwa hiyo mtu akiniambia makumbusho yake yameshirikisha vijana mia tatu, swali langu ni moja: ni uamuzi gani umebadilika kwa sababu yao?

Tuanze na ukubwa wa tatizo, kwa sababu neno "ujumuishi" limetumika sana hadi limekuwa jepesi mdomoni. Mwaka 2019 watafiti walichunguza mikusanyo ya makumbusho makubwa 18 ya Marekani na kukadiria kwamba asilimia 85 ya wasanii waliomo ni Wazungu na asilimia 87 ni wanaume. Miaka minne kabla ya hapo, wakfu wa Mellon ulikuwa umehesabu wafanyakazi wa makumbusho ya sanaa nchini humo. Katika nafasi zinazoamua nini kinunuliwe, nini kitundikwe na nini kiandikwe ukutani, yaani wasimamizi wa mikusanyo, wahifadhi, walimu na viongozi, asilimia 84 walikuwa Wazungu na asilimia 4 tu Wamarekani weusi. Takwimu hizi mbili ni mtoto na mzazi. Kilichomo ukutani kimechaguliwa na watu, na watu hao kwa vizazi kadhaa wametoka sehemu moja, wamesoma vyuo vinavyofanana, na wamerithishana hata sauti ya kuzungumza mbele ya picha. Ongeza hapo walioachwa nje kwa sababu nyingine: mwenye kiti cha magurudumu, kiziwi, asiyeona, asiyesoma lugha rasmi ya nchi, anayefanya kazi saa zote ambazo milango iko wazi. Fasili mpya ya makumbusho iliyopitishwa na ICOM mjini Prague Agosti 2022 inasema makumbusho yawe wazi kwa umma, yafikike na yawe jumuishi, na yafanye kazi kwa ushiriki wa jamii. Maneno hayo yalipatikana baada ya mvutano mrefu, maana rasimu ya awali ilikwama mkutanoni Kyoto mwaka 2019. Neno ninalolishikilia mimi katika fasili hiyo ni "ushiriki". Kufikika kunaweza kutengenezwa na fundi wa ngazi na lifti, lakini ushiriki unahitaji mtu mwingine mezani.

Vijana wameshakaa mezani kwa muda, kwa hiyo hatuna sababu ya kuzungumza kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Walker Art Center ya Minneapolis ina baraza la vijana tangu 1996. Whitney ya New York ilianza programu yake mwaka mmoja baadaye, na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Houston na Los Angeles nayo yalikuwa na zao kabla karne haijageuka. Taasisi hizo nne ziliungana kuwatafuta vijana waliopitia mikononi mwao miaka mingi nyuma, na mwaka 2015 zikatoa ripoti kuhusu athari za kudumu za programu hizo. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo: watu wazima waliozungumza na watafiti walieleza jinsi miezi ile ilivyowajengea kujiamini, marafiki, hata kazi. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini swali kuu la utafiti wenyewe lilikuwa kijana alibadilikaje, na ndilo swali ambalo makumbusho hupenda kuulizwa, kwa sababu linampa kijana nafasi ya mgonjwa na taasisi nafasi ya daktari. Ukigeuza swali, ukauliza taasisi yenyewe imebadilika wapi, katika bajeti ipi, katika chumba kipi, mara nyingi utajibiwa kwa picha za vijana wanaocheka.

Roger Hart, mtafiti wa ushiriki wa watoto, alilieleza jambo hili mwaka 1992 katika kazi aliyoiandikia UNICEF, kwa mfano wa ngazi yenye vipandio vinane. Vipandio vitatu vya chini havihesabiwi kabisa kuwa ushiriki: watoto wanaendeshwa kama vikaragosi, wanafanywa mapambo, au wanashirikishwa kwa geresha. Geresha ndiyo hatari kuliko vyote kwa makumbusho, kwa kuwa inafanana sana na kitu halisi. Kijana anaalikwa, anapewa maji na kalamu yenye nembo, anaulizwa maoni yake, maoni yanaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani kwa rangi tatu, na kikao kinafungwa kwa makofi. Karatasi inakunjwa. Hakuna aliyedanganya, na pengine kila mfanyakazi aliyekuwepo alikuwa na nia njema. Ila hapakuwa na njia yoyote ya kutoka kwenye ile karatasi hadi kwa mtu mwenye uwezo wa kusaini.

Niliwahi kukaa na kikundi cha namna hiyo katika jumba moja la makumbusho ya sanaa, vijana tisa na mfanyakazi mmoja aliyekuwa akiwaongoza. Walisimama mbele ya turubai kubwa iliyoshonewa vipande vya kitambaa cha bluu kilichochakaa. Kibandiko cha maelezo kilikuwa na sentensi tatu ndefu kuhusu msanii anayehoji uwili wa uwepo na utupu kwa kuvuruga uso wa turubai. Binti mmoja wa miaka kumi na sita alisoma, akarudia kusoma, kisha akauliza, "Dada, hivi vitambaa ni vya nani?" Yule dada alijua. Vilikatwa kutoka kwenye sare ya kazi ya mama yake msanii. Kikundi kizima kilisogea mbele kwa hatua moja, wote kwa pamoja, kana kwamba mtu amewavuta kwa kamba. Baadaye, katika zoezi la kuandika maelezo upya, yule binti aliandika hivi: "Vitambaa hivi ni sare ambayo mama yake msanii aliivaa kazini. Tazama kona ya chini kulia. Kifungo bado kipo." Sijawahi kusoma kibandiko bora kuliko hicho, na nimesoma vingi.

Hapo ndipo naona mahali pa kuanzia, kwenye mambo madogo yanayochosha, ambayo hayapigiwi picha. Utafiti uliofanywa Metropolitan Museum ya New York na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba mtazamaji hutumia wastani wa sekunde 27 hivi kwa kila kazi, na sehemu ya muda huo huenda kwenye kusoma kibandiko. Sekunde 27 ndizo zote ulizo nazo kumwambia mtu kwamba mahali hapa ni pake pia, na sentensi inayoanza na "uwili wa uwepo" inazimaliza kwa kumwambia kinyume. Kisha kuna mlinzi anayemfuata kijana fulani kutoka chumba hadi chumba huku akiwaacha wengine watembee. Kuna mabenchi yaliyoondolewa ili ukumbi upendeze. Kuna mkoba uliokataliwa mlangoni bila maelezo, na dawati la mapokezi ambako ukiuliza swali unajibiwa kwa kutazamwa viatu. Mambo haya yote yana mtu anayeyaamua, na yote yanaweza kubadilishwa ndani ya mwezi mmoja. Kijana aliyewahi kufuatwa na mlinzi anajua kuyahusu zaidi ya mkurugenzi ambaye hajawahi kufuatwa na mtu. Apewe kuandika vibandiko vya ukumbi mmoja, apewe saa mbili katika mafunzo ya walinzi, apewe fungu dogo la ununuzi wa kazi mpya pamoja na msimamizi wa mkusanyo wa kushauriana naye, na matokeo yatundikwe ukutani kwa jina la waliochagua. Stedelijk Museum ya Amsterdam ina kikundi cha vijana wa miaka 15 hadi 19, Blikopeners, tangu 2008, na jambo linalonipendeza zaidi pale ni la kawaida kabisa: ni ajira. Vijana wanalipwa.

Hoja inayosikika mara nyingi dhidi ya haya yote ni kwamba kuchagua na kufafanua sanaa ni utaalamu, na utaalamu haupatikani kwa kuwa na miaka kumi na saba. Nusu ya kwanza naikubali. Mtu anayejua rangi fulani ilisagwaje, au turubai fulani ilipita mikono ya nani, amefanya kazi ya maisha, na sitaki makumbusho yasiyo na watu hao. Ila hoja hiyo inachukulia kwamba utaalamu, ukiachwa peke yake, hautengi mtu. Historia inasema vingine. Januari 1969 Metropolitan ilifungua maonyesho makubwa kuhusu Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi, na wataalamu walioyaandaa hawakuweka mchoro wala sanamu hata moja ya wasanii wa Harlem, ambao wengine walikuwa hai na wakiishi kilomita chache kutoka hapo. Palikuwa na picha za kupigwa na sauti, lakini wachoraji walisimama barabarani na mabango. Kosa hilo hata kijana wa kidato cha pili wa Harlem angelitambua kabla ya chai. Na mwaka 2015 Rijksmuseum ya Amsterdam, yenye wataalamu wa kuogopesha kwa ubora wao, ilianza kuondoa maneno ya dharau ya enzi za ukoloni katika majina na maelezo ya kazi zake. Picha ya Simon Maris ya karibu mwaka 1900, iliyokuwa ikimtaja binti kwa rangi yake, ikaitwa binti aliyeshika upepeo wa mkononi. Walioibadilisha walikuwa wataalamu wenyewe, na nawapa heshima yao. Lakini maneno yale yalikaa miongo mingi mbele ya macho ya wasomi bila kumsumbua aliyekuwa na uwezo wa kuyafuta.

Tena, hakuna anayependekeza kwamba kijana afanye peke yake. Baltimore Museum of Art mwaka 2022 iliwakabidhi walinzi wake 17 kazi ya kuandaa maonyesho kutoka kwenye mkusanyo wa makumbusho hayo. Walichagua kazi, wakashauriana na wahifadhi na wasanifu, wakaandika sababu zao. Hawa hawakuwa vijana wa baraza lolote, walikuwa watu wazima waliokuwa wamesimama mbele ya kazi hizo kwa maelfu ya saa bila mtu kuwauliza chochote. Ubora haukuporomoka. Kilichoonekana ni kwamba kuna aina ya ujuzi inayotokana na kuwa mahali fulani, kuangalia na kuangaliwa, na taasisi ilikuwa ikiulipia ujuzi huo mshahara wa kusimama tu. Vivyo hivyo Studio Museum ya Harlem, tangu 2001, imekuwa ikiwakutanisha vijana na hazina ya picha za James Van Der Zee, mpiga picha yule yule ambaye kazi zake zilijaa katika maonyesho ya 1969. Wanazisoma, wanapiga zao, na zao zinaonyeshwa kando ya zake. Msomi yupo, hazina ipo, na kijana anaiangalia kwa kazi, si kwa ziara.

Wengine husema fungua milango bure na yote yatajirekebisha. Bei ni kizuizi cha kweli na sitamdharau anayepigania iondolewe. Uingereza iliondoa kiingilio katika makumbusho yake ya taifa mwishoni mwa 2001 na watu wakafurika, Ufaransa ikafanya vivyo hivyo kwa vijana wakazi wa Umoja wa Ulaya walio chini ya miaka 26 mwaka 2009, na Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, ilianzisha tiketi ya pauni 5 kwa wenye miaka 16 hadi 25 mwaka 2018. Lakini Van Gogh Museum ya Amsterdam iliyatumia miaka ya 2017 hadi 2020 kufanya kazi na vijana wa mji huo wenye asili ya Suriname, Uturuki, Morocco na visiwa vya Antilles, ikiwa na jopo lao la kuishauri, kwa sababu ilijua kwamba vijana hao wanaishi umbali wa safari ya tramu na bado hawaji. Kinachomzuia mtu wa namna hiyo mara nyingi ni hisia kwamba waliomo ndani wanajua jambo asilolijua yeye, na kwamba atalijua kwa kuaibika. Hisia hiyo haina bei ya kupunguza.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulifukuza kirahisi, nalo linatoka kwa watu wanaofanya kazi na vijana kila siku. Wanasema kijana anayejitokeza kuomba nafasi kwenye baraza la makumbusho ya sanaa ni yule ambaye tayari ana mzazi wa kumpeleka, mwalimu wa kumwandikia barua na jioni zisizo na kazi. Kwa hiyo unaweza kuwa na baraza la vijana lenye bidii na bado likawa linazungumza kwa sauti ile ile ya bodi, ikiwa changa kidogo. Wako sahihi. Ndiyo maana malipo si pambo la mwisho la programu, ni mlango wake. Mwaka 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Marekani kilipitisha azimio la kuwahimiza wanachama wake walipe wanaofanya mafunzo kazini, kwa kutambua kwamba kazi ya bure huchuja watu kwa uwezo wa wazazi wao, na mantiki hiyo haibadiliki eti kwa kuwa mhusika ana miaka kumi na sita. Njia nyingine ni kuacha kusubiri maombi na kwenda kwa mashirika yanayowajua vijana tayari. Tate na washirika wake walijaribu hivyo kati ya 2013 na 2017 katika mradi ulioitwa Circuit, uliofadhiliwa na Paul Hamlyn Foundation, wakishirikiana na watumishi wa vijana nje ya ulimwengu wa sanaa. Ushirikiano wa namna hiyo una ugumu wake: mtumishi wa vijana anapima mwaka kwa kijana mmoja aliyerudi shule, wakati makumbusho yanapima kwa tarehe ya ufunguzi. Lakini ugumu huo una faida kuliko urahisi wa kuwaita wale wale.

Wapo pia wanaoogopa kwamba tunawatwika vijana mzigo usio wao, hasa wanaotoka katika jamii zilizoachwa nje. Yaani waeleze maumivu yao mbele ya wageni, waisahihishe taasisi iliyowakosea, kisha waonekane kwenye ripoti ya mwaka kama ushahidi kwamba taasisi ni njema. Hofu hii naibeba pia. Tofauti kati ya kumtumia mtu na kumshirikisha iko katika anachoondoka nacho: fedha, jina kwenye kazi aliyoifanya, na haki ya kusema hapana bila kupoteza nafasi yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa kila mtoto, katika kifungu cha 12, haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito, na katika kifungu cha 31 haki ya kushiriki maisha ya utamaduni. Kupewa uzito ni zaidi ya kusikilizwa.

Ndiyo maana mwisho wa yote suala linafika kwenye bodi. Wengi wanadhani sheria inakataza, na mahali pengine inakataza kweli. Lakini England na Wales mtu wa miaka 16 anaweza kuwa mdhamini wa taasisi ya hisani iliyosajiliwa kama kampuni, na bado ukipitia majina ya wadhamini wa makumbusho ya sanaa utatafuta sana kabla ya kumpata. Kizuizi kingine ni kwamba wadhamini kwa kawaida hawalipwi na vikao hufanyika saa za kazi na za shule. Basi vikao vihamishwe, nauli zilipwe, wakae vijana wawili badala ya mmoja ili yeyote asibaki sanamu ya kizazi chake, na wapewe mtu wa kuwasomesha hesabu za taasisi kabla ya kikao. Bodi ndiyo inayoamua mkurugenzi ni nani na bajeti iende wapi. Baraza la vijana lisilo na mtu ndani ya chumba hicho litaendelea kutuma mapendekezo kwa mtu wa kitengo cha elimu, ambaye naye hana kura, na ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kupunguzwa fedha zikipungua.

Nilirudi kwenye lile jumba baada ya miezi minane. Ukuta wa mapokezi ulikuwa na picha kubwa ya wale vijana tisa, wamevaa fulana za njano, yule binti wa pili kutoka kushoto. Nilipanda hadi kwenye turubai ya vitambaa vya bluu. Kibandiko kilikuwa kile kile. Mama mmoja na mwanawe walisimama mbele yake, mama akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, akanyamaza katikati ya ya pili, akamshika mtoto mkono wakaelekea chumba kinachofuata. Kifungo kipo kona ya chini kulia, kwenye usawa wa macho ya mtoto wa umri ule.